Jembe kwenye Keria

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa tatu, barabara ya Mufindi ilifungwa nikiwa nimelala juu ya magunia ya mpunga.

Mfukoni nilikuwa na barua ya mistari mitano. Ilisema kuna nafasi ya mwalimu kwenye shule ya misheni, bondeni, njia ya kwenda Mgololo. Mkaguzi wa shule atakuwepo pale Jumatano. Nifike kabla ya saa nane mchana anione kwa macho yake. Nisipofika, nafasi atapewa mwingine. Basi. Miezi saba nilikuwa Mwanjelwa kwa dada yangu Ikupa, nimerudi kutoka chuo Uganda bila karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu, na kila asubuhi Ikupa alikuwa ananiwekea uji mbele yangu bila kusema kitu. Mwanamke akikusema vibaya, utajibu. Akikuwekea uji tu, utajibu nini? Ile barua ilipofika nilikuwa tayari kwenda hata kwa kutambaa.

Danieli, dereva wa lori la mpunga la Chimala, akanipakia bure, mimi na baiskeli ya shemeji. Ilikuwa Raleigh nyeusi, nzito kama ndama, na keria pana nyuma. Jumanne jioni tukafika kwenye geti la mvua.

Siku zile mvua zikizidi, serikali ilikuwa inafunga barabara za changarawe. Walilaza gogo refu kati ya nguzo mbili, likawekwa kufuli, na pembeni akakaa mlinzi. Hakuna gari kupita mpaka njia ikauke, maana gari moja tu kwenye tope linachimba mtaro ambao watu arobaini watafukia mwezi mzima. Inaweza kuchukua siku moja au siku tano. Unamuuliza mlinzi, mlinzi anaangalia juu.

Mlinzi wa hapo alikuwa Mzee Joachim, Mhehe wa makamo, na kofia ya kaki yenye kibati cha namba mbele.

"Mzee, tufungulie tupite polepole," Danieli akamwambia.

"Polepole yako naijua. Mwaka jana polepole yako ilikula kalavati langu."

Tukalala chini ya lori. Nilipoamka alfajiri nilikuta kigari kidogo cha kijivu kimeegeshwa nyuma yetu, kimefika wakati tumelala, kimepakwa tope mpaka juu. Ndani mlikuwa na bwana mmoja amelala amekaa, kofia ya pama imemfunika uso, mdomo uko wazi. Kioo cha nyuma kilikuwa tope tupu, laini, limekauka kidogo tu, kama ubao uliofutwa vizuri. Kidole kikaniwasha. Nikaandika kwa herufi kubwa: INAUZWA. ULIZA NDANI. Kisha nikaenda kumwamkia mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Baiskeli nayo imefungiwa?"

"Marahaba. Baiskeli?" Akawaza. "Kitabu kinasema magari. Baiskeli hakikuitaja. Wewe nakuhesabu mtu wa miguu, ila umekaa."

"Ndaga, asante, mzee. Mpaka bondeni ni mbali?"

"Maili ishirini. Ukifika ya tisa, kushoto, penye mikaratusi, ni kwa Kasian." Akaingia kibandani kwake, akatoka na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa gunia. "Mpe hili. Mkononi mwake mwenyewe. Usilitue chini. Mwambie limetoka kwangu."

"Lina haraka?"

"Kuliko wewe. Ningelipeleka mwenyewe, lakini nikigeuza mgongo tu huyu Danieli wako atapita na geti shingoni."

Nikalifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Nikafikiri moyoni, jirani mwema huyu, magugu yameota na anamkumbuka mwenzake. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Sasa barabara. Sijui niieleze vipi. Mimi nilizoea barabara yenye vumbi la malori, honi, na watu kukimbilia mtaroni. Hii ilikuwa pana, nyekundu, imeoshwa, na haina mtu. Msitu umeisimamia pande zote mbili, ukungu umekaa katikati ya miti, na changarawe inalia chini ya matairi kama mtu anakaanga mahindi. Nikapita kushoto kama sheria inavyotaka. Halafu nikapita kulia. Halafu katikati, nikaachia usukani, nikakunja mikono kifuani kama bwana shauri. Hakuna aliyenikemea. Maili ya tatu mbega wakashuka wakakaa barabarani, wakaniangalia nilivyopanda nasukuma baiskeli natweta, na kwenye mteremko nikawapita wengine napiga kengele. Breki ya nyuma ilikufa maili ya sita. Nikawa nasimamisha kwa soli ya kiatu.

Nilifika kwa Kasian kwenye saa tatu, nimejaa tope hadi kwenye nyusi, na yale maneno ya kusema limetoka kwa nani yamebaki huko kwenye mteremko.

Uani palikuwa na mwanaume mmoja mwenye mvi, anachonga mpini wa shoka.

"Kamwene," nikasema. Hilo neno la Kihehe nilikuwa nalo, na lilikuwa peke yake.

"Kamwene, mgeni." Akaangalia uso wangu. Akaangalia keria. Nilikuwa nimeshafungua gunia, nimelishika jembe kwa mikono miwili, nampa. Akaacha kuchonga. Hakunyoosha mkono. Aliita tu kuelekea ndani, "Severina."

Akatoka mwanamke wa makamo, dada yake, anajifunga kitenge upya. Na yeye akaliangalia jembe. Nikaanza kujiona kama nimeshika nyoka.

"Karibu, baba. Umetumwa na nani?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoharibu. Miezi saba watu wa Mwanjelwa walikuwa wananiuliza hivyohivyo: nani alikutuma chuo, nani alikutuma urudi. Jibu langu lilikuwa limeshazoea kutoka lenyewe.

"Mimi situmwi, mama. Nimejituma. Miguu miwili na magurudumu mawili."

Kwenye dirisha mtu akacheka, halafu akajiziba mdomo. Severina hakucheka. Alipiga magoti, akapokea jembe kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani polepole, kama amebeba chungu cha maji ya moto. Kasian akaninyanyulia kiti. Mtu mwingine, sikumwona vizuri, akachukua baiskeli yangu akaiingiza ndani ya nyumba.

"Baiskeli iache tu, naondoka sasa hivi," nikasema.

"Itakaa vizuri," Kasian akasema. "Jina lako nani?"

"Asukile."

"Asukile wa nani?"

"Wa Mwakalobo. Rungwe."

"Mnyakyusa," akamwambia Severina, aliyekwisha kurudi. "Mbali."

"Mbali, ila barabara ipo," Severina akasema. "Unasali wapi?"

"Moravian. Nikikumbuka."

"Baba na mama wako hai? Kuna ugonjwa wowote kwenu? Wa kuanguka, wa kifua?"

Nikadhani ni mambo ya afya, maana mwaka ule mabwana afya walikuwa wanapita kila mahali. Nikajibu yote. Hatuanguki. Kifua kizuri. Kazi? Mwalimu, kuanzia leo saa nane, nikifika. Wakaangaliana. Ukaja ugali na kuku mzima, na huyo kuku nilimsikia anakamatwa. Kwa jembe la mtu mwingine? Nikajiambia Wahehe ni watu wakarimu, nikala. Lakini kila tonge lilikuwa linanipa wasiwasi, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekula. Walinitazama tu, hasa namna ninavyotafuna.

Saa nne na nusu nikasimama. "Asanteni. Niletewe baiskeli."

"Bado," Kasian akasema. "Mwenyewe hajaulizwa."

"Mwenyewe nani?"

Severina akamleta binti wa Kasian, labda miaka ishirini, gauni jeupe la Jumapili siku ya Jumatano. Akalishika lile jembe mbele yake.

"Esta. Jembe hili unalijua?"

Yule binti aliliangalia jembe kwa furaha kabisa. Halafu akaniangalia mimi. Uso wake ulibadilika nikiwa namwona, kama mtu aliyefungua barua akakuta ni ya jirani.

"Huyu nani?" akasema. Akaanza kulia.

Mimi ninajua kuchokoza watu. Nimeshaliza wengi kwa makusudi. Kumliza mtu kwa kukaa tu kwenye kiti, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Dada, nimefanya nini?"

"Kaka," akasema, na kamasi zinamtoka, "umeniposa."

"Nani?"

"Wewe."

"Lini?"

"Sasa hivi. Na kuku umekula."

Nikamgeukia Kasian. Nikamgeukia Severina. Hakuna aliyekuwa anatania, na mimi utani naujua hata ukiwa umejificha. Kwetu Rungwe posa ni ng'ombe, na ng'ombe hawezi kufungwa kwenye keria ukamsahau. Kumbe huku mtu akitaka binti anatuma jembe. Jembe jipya, bila mpini, mkononi, halitui chini. Kila mtu anajua, hata mtoto, ndiyo maana Joachim hakunieleza. Ni kama kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha. Esta alikuwa anangoja jembe la Liberatus, mtoto wa Joachim, aliyeko kwenye mashamba ya chai. Wiki tatu anangoja.

"Basi ni hilo," nikasema. "Limetoka kwa Joachim, mlinzi wa geti. Nimekumbuka. Aliniambia niseme."

"Ulisema umejituma," Kasian akasema, bila hasira. "Tumekusikia sisi wote. Miguu miwili na magurudumu mawili."

"Nilikuwa natania."

"Na jembe mkononi?"

Nikaitazama mikono yangu, tope tupu.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sikufungi. Lakini jembe likishaingia ndani halitoki kwa neno la yule aliyelileta. Ukoo utakaa Jumapili, utalijibu kwa jina lako. Mpaka hapo siwezi kupokea lingine. Kama mwenyewe ni Joachim, Joachim aseme."

"Joachim hawezi kuacha geti."

"Basi alete kitu chake nikione."

Wakanitolea baiskeli. Nikaivuta mpaka barabarani, nikasimama. Saa tano kamili, jua limetoka. Upande wa kushoto maili kumi na moja, mteremko karibu wote, shule, saa nane, kazi. Upande wa kulia maili tisa za kupanda kurudi getini, na saa nane inaniponyoka hivihivi naiangalia. Niliwaza niende kwanza shuleni, haya ya jembe nitayaandikia barua. Nikapanda, nikapiga pedeli mbili kuelekea bondeni. Nikageuka nyuma. Esta alikuwa amekaa kwenye kizingiti na gauni lake jeupe, hanitazami mimi, anatazama upande wa getini.

Mpaka leo sijui vizuri nilifikiri nini. Nakumbuka nilitukana kwa Kinyakyusa, nikageuza usukani.

Ile barabara niliyoikunjia mikono asubuhi sasa ilikuwa haiishi. Mnyororo ulitoka mara tatu. Hakuna gari la kuomba lifti, maana hakuna gari. Mbega walikuwa palepale, na nadhani walinitambua. Nilisukuma, nikapanda, nikasukuma, nikahesabu mawe ya maili, nikahisi moja wameliweka mara mbili. Nilikuwa najiuliza: mimi hapa ni nani? Mwalimu? Si mwalimu tena, saa zimekwisha. Mchumba? Wa nani? Nilifika getini saa saba na robo.

Getini palikuwa na kelele. Watu wamekizunguka kile kigari cha kijivu. Danieli amelala chini yake anapima ekseli kwa shubiri. Yule bwana wa kofia ya pama amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Haliuzwi," alikuwa anasema. "Nimeshasema. Tangu alfajiri nimeshaulizwa na watu kumi na wawili."

"Bwana Edmund, wewe ndiye umeandika," mmoja akasema. "Taja bei, usituzungushe."

"Mimi nitoe ng'ombe wanne," sauti ya Danieli ikatoka chini ya gari. "Na mmoja wao ana mimba."

Nikampita kwa haraka, nikaenda kwa Joachim, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya gogo.

"Umesema umejituma."

"Ndiyo, mzee."

"Ukala na kuku."

"Ndiyo, mzee. Walinipa paja."

Hakunipiga. Alivua kofia yake ya kaki, akafuta kibati cha namba kwa kiganja. "Kasian anaijua. Miaka tisa ananiona nayo. Mpe hii, na safari hii usiseme lako hata moja. Sema: Joachim yuko getini kichwa wazi, anangoja."

Yule bwana wa pama alikuwa amesogea, nadhani kuwakimbia wanunuzi wake. "Kijana, umetoka upande wa kule? Njia ikoje? Mimi saa nane natakiwa bondeni, shuleni. Kuna mwalimu mpya ananisubiri kule tangu asubuhi, maskini, sijui atanionaje."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilimtazama yeye, nikatazama gari, nikatazama yale maandishi yangu kwenye kioo. Siku nzima nilikuwa namkimbilia mtu aliyelala nyuma yangu.

"Wewe ni mkaguzi?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Mimi ndiye mwalimu."

"Haiwezekani. Mwalimu yuko bondeni." Akanitazama tope, viatu, upande niliotokea. Uso wake ukalainika. "Aa. Ulifika, hukunikuta, ukarudi kunitafuta? Maili ishirini?"

Alinipa mlango, umefunguliwa kabisa. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo tu. Joachim alikuwa anasikiliza, kichwa wazi, mvi zake nje kwa mara ya kwanza, na kofia yake iko mkononi mwangu.

"Hapana, bwana. Sikufika. Niliishia maili ya tisa. Niliposa binti wa watu kwa bahati mbaya."

Nikaeleza tena. Bwana Edmund kumbe naye ni Mhehe, wa Kalenga. Nilipofika kwenye kuku alishika nguzo ya geti. Alicheka mpaka kofia ya pama ikaanguka topeni, na hakuiokota. Alipomaliza akafuta macho, akasema, "Nipe barua yako niandike nyuma yake. Mwalimu mkuu Filemoni akuone leo hata jioni. Mimi sitoki hapa mpaka mzee afungue."

Nikampa. Siyo ile waliyoniletea. Kwa haraka nilitoa nakala ya barua yangu ya kuomba kazi, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Akaifungua. Akaisoma kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaenda nayo mpaka nyuma ya gari, akaiinua karibu na kioo.

Z zangu nazikata katikati kwa mstari mdogo. Nimezoea tangu darasa la nne.

Akatazama karatasi, akatazama kioo. Hata Danieli alitoka chini ya gari kuangalia kinachoangaliwa. Mimi nilikuwa nangoja kusikia kazi imekwenda, na sikujua kama nianze kuomba radhi au nipande baiskeli. Bwana Edmund akageuka. Alichukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi, akaikunja mara nne, akanipa.

"Usifungue," akasema. "Mpe Filemoni mkononi. Usiitue chini."

Nikaenda maili tisa zile kwa mara ya tatu. Kofia niliivaa, maana mikono ilikuwa na kazi, na breki yangu ni kiatu. Severina aliponiona naingia uani na kofia ya Joachim kichwani alishika kiuno.

"Sasa leo hii umekuja kama nani?"

"Sijui, mama," nikasema, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote ya siku ile. Nikaivua, nikampa Kasian kwa mikono miwili. "Joachim yuko getini kichwa wazi, anangoja." Nikafunga mdomo. Nilitaka kuongeza kitu, kilikuwa kimeshafika kwenye meno. Nikakimeza.

Kasian akaigeuzageuza kofia, akagusa kibati. Akaiweka juu ya lile jembe, ndani, mezani. Hakusema imekubaliwa wala imekataliwa. Hilo ni la ukoo na Jumapili. Lakini Esta alienda jikoni, na nikamsikia anapiga mluzi, na Severina akamkemea kwamba mwanamke hapigi mluzi, na hakuacha.

Nilifika shuleni saa kumi na mbili jioni. Mwalimu mkuu Filemoni alikuwa anafunga madirisha. Akaifungua ile karatasi, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Sielewi," akasema. "Wewe umeielewa?"

"Sijaisoma, bwana."

Akanigeuzia. Mwandiko wa Bwana Edmund ulikuwa mdogo, umenyooka. Mpokee Bwana Asukile, aanze kesho darasa la tatu. Asipewe chaki mpaka nifike.

Geti lilifunguliwa Jumamosi. Siku zote hizo nilifundisha kwa mdomo.